Vitega Uchumi Mbadala na Mwananchi wa Kipato cha Kawaida

(Hotuba iliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama wanachama. Inachapishwa hapa kwa ukamilifu ili isomwe na kujadiliwa katika vyama vya msingi.)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo zamani halikuwa likiingia katika ajenda za mikutano yetu. Wanachama wetu, hasa vijana na wastaafu, wanauliza habari za kile kinachoitwa vitega uchumi mbadala. Wanasikia kwamba katika nchi tajiri milango iliyokuwa imefungwa kwa watu wa kawaida sasa inafunguliwa, na wanataka kujua kama mlango huo ni wa heri. Wengine wamekwisha kufuatwa majumbani na mawakala wenye karatasi nzuri. Vyama navyo vinauliza kama inafaa kuchukua sehemu ya akiba na kuiweka huko. Katibu ndiye anayeulizwa kwanza, hivyo yafaa awe na jibu lenye msingi.

Maana ya jambo lenyewe

Vitega uchumi vya kawaida ni vile ambavyo sote tunavijua: amana benki, hatifungani za Serikali, na hisa za kampuni zilizoorodheshwa katika soko la hisa. Sifa yake kubwa ni kwamba bei yake au thamani yake inajulikana, na anayetaka kutoka hupata njia ya kutoka bila kungoja miaka.

Vitega uchumi mbadala ni vile vilivyo nje ya hapo. Ni hisa za kampuni zisizoorodheshwa sokoni, mikopo inayotolewa na mifuko moja kwa moja kwa kampuni bila kupitia benki, majengo ya kupangisha, mashamba, misitu, barabara za kulipia na mitambo ya umeme. Mara nyingi mtu hanunui jengo au kampuni yenyewe. Hununua kipande katika mfuko, na meneja wa mfuko ndiye anayenunua mali kwa niaba ya wote. Mali hizi haziuzwi kwa siku moja. Jengo la ghorofa kumi haliwezi kukatwa chumba kimoja kikauzwa asubuhi ili mwenye kipande apate karo ya mtoto jioni.

Ndugu Wanachama, tusidhani kwamba jambo hili ni geni kabisa kwetu. Vyama vya wakulima wa pamba vya Kanda ya Ziwa vilipoungana mwaka 1955 kuunda shirikisho lao, kisha vikamiliki vinu vya kuchambulia pamba, wakulima wale walikuwa wameweka fedha katika mali isiyouzwa katika soko lolote la hisa. Kila ghala la chama na kila kiwanda cha kukobolea kahawa ni kitega uchumi cha aina hiyo. Tofauti ni kwamba mkulima alikuwa na kura katika mkutano mkuu, na kinu alikiona kwa macho yake.

Kwa nini mlango ulifungwa

Baada ya soko la hisa la New York kuanguka mwaka 1929 na wananchi wengi wa Marekani kupoteza akiba zao, nchi hiyo ilitunga sheria mwaka 1933 iliyoamuru kwamba anayeuza dhamana kwa umma sharti aandikishe na kutoa maelezo kamili. Waliouza kwa watu wachache wenye uwezo walisamehewa sharti hilo. Mwaka 1982 kanuni ilieleza nani anahesabiwa kuwa na uwezo: mtu mwenye pato la dola 200,000 kwa mwaka, au mwenye mali isiyopungua dola 1,000,000. Viwango hivyo havikupandishwa tangu wakati huo, ingawa mwaka 2010 nyumba ya kuishi iliondolewa katika hesabu ya mali, na mwaka 2020 watu wenye vyeti fulani vya taaluma ya dhamana waliruhusiwa hata kama si matajiri.

Sababu ya kufunga mlango ilikuwa njema: kumlinda asiyeweza kubeba hasara. Lakini kipimo chenyewe kina kasoro. Kinapima fedha, hakipimi elimu. Aliyerithi milioni huku hajui kusoma mizania huruhusiwa, na mhasibu wa chama anayekagua mizania kila mwezi hukataliwa. Tena yapo manung'uniko ya haki kwamba kwa miaka mingi faida nono ilikwenda kwa matajiri na mashirika makubwa, huku mwenye kipato kidogo akiachiwa riba ndogo ya benki. Manung'uniko hayo nayakubali, wala sikuja hapa kusema kwamba mtu wa kawaida hastahili.

Kwa nini sasa unafunguliwa

Zipo sababu mbili, na katibu azijue zote mbili.

Ya kwanza ni kwamba biashara zenyewe zimehama. Nchini Marekani idadi ya kampuni zilizoorodheshwa katika masoko ya hisa imepungua karibu nusu tangu mwaka 1996. Kampuni nyingi hukaa muda mrefu mikononi mwa mifuko binafsi, na asiyeruhusiwa huko hana sehemu katika ukuaji wake.

Ya pili haitangazwi sana. Mameneja wa mifuko hiyo walizoea kupata fedha kutoka mifuko ya pensheni, kampuni za bima na vyuo vikuu, na wengi wa wateja hao wamekwisha kujaza kiasi walichojipangia. Akiba za watu wa kawaida, kidogo kidogo zikijumlishwa, ni bahari kubwa ambayo bado haijavuliwa. Basi mlango unasukumwa kutoka pande zote mbili: mwananchi anataka kuingia, na mwenye nyumba anataka wageni wapya. Mgeni na aulize anakaribishwa kwa ajili ya nani.

Hatua zimechukuliwa kwa haraka. Umoja wa Ulaya uliunda mwaka 2015 aina ya mfuko wa muda mrefu, lakini mtu wa kawaida alitakiwa aweke si chini ya euro 10,000. Tangu tarehe 10 Januari 2024 kiwango hicho kimeondolewa. Uingereza iliunda mfuko wake wa mali za muda mrefu mwaka 2021, na mwaka 2023 ikawaruhusu wawekezaji wa kawaida. Marekani, Rais alitia saini tarehe 7 Agosti 2025 amri ya kuitaka Wizara ya Kazi ipitie upya miongozo yake, ili akiba za uzeeni za wafanyakazi ziweze kuingia katika mali hizo.

Mifano mitatu ya kutoka

Ndugu Mwenyekiti, katika biashara hii habari za kuingia husimuliwa kwa sauti kubwa, na habari za kutoka huandikwa kwa maandishi madogo. Kwa hiyo nitatumia muda wangu zaidi katika kutoka.

Mfano wa kwanza ni wa Uingereza. Mwaka 2014 Neil Woodford, meneja wa fedha aliyekuwa na sifa kubwa, alianzisha mfuko wake. Mwaka 2017 ulikuwa umezidi pauni bilioni 10. Wenye vipande waliahidiwa kwamba wanaweza kutoa fedha siku yoyote ya kazi. Lakini sehemu ya fedha hizo iliwekwa katika kampuni zisizoorodheshwa na nyingine zilizo ngumu kuuzika. Faida ilipopungua watu wakaanza kutoka, na ili kuwalipa, meneja akauza zile zinazouzika. Waliobaki wakabaki na zile zisizouzika. Halmashauri ya Kent ilipotaka kutoa pauni zipatazo milioni 263, mfuko haukuweza. Tarehe 3 Juni 2019 ukafungwa, ukiwa na pauni bilioni 3.7 na wawekezaji wapatao 300,000. Mwezi Oktoba mwaka huo ikaamuliwa uvunjwe. Hapo mlango ulifungwa kabisa, na walioumia zaidi ni wale waliokuwa watulivu wakangoja.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Kampuni ya Blackstone ina mfuko mkubwa wa majengo ambao mtu wa kawaida aliweza kuingia kwa dola 2,500. Masharti yake yalisema wazi tangu mwanzo kwamba fedha zinazotolewa hazitazidi asilimia 2 ya mfuko kwa mwezi na asilimia 5 kwa robo mwaka. Mwishoni mwa mwaka 2022 maombi yalizidi ukomo huo. Kila mwombaji akalipwa sehemu tu ya alichoomba, na hali hiyo iliendelea hadi mapema mwaka 2024. Mfuko haukuanguka, wala sharti halikuvunjwa. Lakini wako waliosoma sharti hilo kwa mara ya kwanza siku walipohitaji fedha. Huu ni mlango mwembamba.

Mfano wa tatu ni wa jirani zetu. Mwaka 2015 Kenya ilipata mfuko wake wa kwanza wa majengo ulioorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, ukiitwa Fahari. Kipande kiliuzwa shilingi 20 za Kenya, na fedha zilizokusanywa zilikuwa kama shilingi bilioni 3.6 kwa lengo la juu la bilioni 12.5. Watu wa kawaida waliingia. Mfuko ulikuwa na majengo halisi, likiwamo jengo la maduka la Greenspan jijini Nairobi, na ulilipa gawio dogo katika miaka kadhaa. Soko lilikuwapo kila siku, wala hakuna aliyekatazwa kuuza. Tatizo lilikuwa bei: wanunuzi walikuwa wachache, na bei ikashuka chini ya nusu ya ile ya kwanza. Mwaka 2023 wawekezaji wasio wataalamu walipewa nafasi ya kuuza vipande vyao kwa shilingi 11, na mapema mwaka 2024 mfuko ukaondolewa katika orodha ya soko, ukabaki kuwa wa wawekezaji wataalamu. Mlango ulifunguliwa kwa wananchi, na baada ya miaka minane ukafungwa. Aliyeingia kwa 20 akatoka kwa 11, hata ukimwongezea gawio lake, hajarudi alipoanzia.

Tazameni tofauti. Kwa Woodford ahadi ya kutoka ilikuwa kubwa kuliko mali ilivyoweza kutimiza. Kwa Blackstone ahadi ilikuwa ndogo na ikatimizwa kwa udogo wake. Kwa Fahari ahadi ilikuwa ya soko, na soko likatoa bei yake. Kanuni inayotokana na mifano yote ni moja: muda wa ahadi ya kulipa ulingane na muda wa kuuza mali. Waingereza wameifuata kanuni hiyo katika mfuko wao mpya. Mwenye kipande haruhusiwi kutoka mara nyingi zaidi ya mara moja kwa mwezi, tena kwa taarifa isiyopungua siku 90. Masharti hayo yanaonekana magumu, lakini ni ya kweli.

Hapa kwetu tunao mfano mwema wa kulinganisha. Mfuko wa Umoja, ulioanzishwa mwaka 2005, huuza vipande kwa wananchi na kuvinunua tena. Unaweza kufanya hivyo kwa sababu fedha zake ziko katika hatifungani, amana na hisa, yaani mali ambazo zinaweza kugeuzwa kuwa fedha kwa muda mfupi. Siku mtu akikuletea mfuko wa mashamba au majengo wenye ahadi ya kutoka kwa wepesi uleule, muulize fedha ya kukulipa itatoka wapi. Akisema itatoka kwa wanaoingia, funga daftari. Hatujasahau DECI ya mwaka 2009, ambako watu walipanda mbegu na wengi wao wasivune, hadi Serikali ilipoingilia na viongozi wake kufikishwa mahakamani. Ule haukuwa uwekezaji wa aina yoyote. Lakini wenye hila hupenda kuvaa nguo mpya, na kila mlango halali unapofunguliwa, pembeni yake huchongwa milango ya uongo.

Gharama na thamani

Mambo mawili zaidi yanahitaji macho ya mhasibu.

La kwanza ni ada. Katika mifuko ya namna hii desturi ya siku nyingi imekuwa meneja kuchukua asilimia 2 ya fedha zote kila mwaka, na asilimia 20 ya faida. Tuchukue shilingi 10,000,000. Tuseme mali imezaa asilimia 12, yaani shilingi 1,200,000. Ada ya asilimia 2 ni shilingi 200,000, zinabaki 1,000,000. Asilimia 20 ya hizo ni shilingi 200,000 nyingine. Mwenye fedha anapata 800,000, yaani asilimia 8. Theluthi moja ya faida imekwenda kwa meneja. Mwaka ambao mali haikuzaa kitu, meneja bado ana 200,000 zake, na mwenye fedha amepungukiwa. Basi atakayewaonyesha asilimia 12 aulizwe: ni kabla au baada ya ada?

La pili ni thamani. Hisa iliyo sokoni hupimwa na wanunuzi na wauzaji kila siku. Mali isiyo sokoni hupimwa kwa makadirio, mara nyingi mara nne kwa mwaka, na anayempa kazi mthamini ni meneja mwenyewe ambaye ada yake hutegemea makadirio hayo. Ndiyo maana mifuko hii huonekana imetulia, haipandi wala kushuka kwa kasi. Utulivu huo kwa sehemu ni wa mali, na kwa sehemu ni wa kutopimwa mara kwa mara. Mgonjwa asiyepimwa joto hawezi kusemwa hana homa.

Wajibu wa chama na wa katibu

Sasa nije kwetu. Tutenganishe mambo mawili: fedha ya mwanachama na fedha ya chama.

Fedha ya mwanachama ni yake. Akitaka kununua kipande, ni haki yake, na katibu asimzuie wala asimsukume. Kazi ya katibu ni kumsaidia kuuliza. Naomba maswali haya yabandikwe katika ubao wa matangazo wa kila chama:

1. Je, mfuko huu na anayeuuza wana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana? Jibu litafutwe kwa Mamlaka yenyewe, si kwa wakala.
2. Fedha imenunua au itanunua mali gani, na iko wapi?
3. Naweza kutoka lini, kwa taarifa ya siku ngapi, na ni nani mwenye uwezo wa kunizuia?
4. Ada zote kwa jumla ni kiasi gani katika mwaka mbaya?
5. Nani anathamini mali, na nani anakagua hesabu?
6. Nikiipoteza fedha hii yote, watoto watakula na kusoma?

Swali la sita ndilo linalotangulia mengine yote kwa uzito. Fedha ya pembejeo, ya karo, ya matibabu na ya kula hadi msimu ujao haina nafasi katika mali ya miaka saba, hata kama mali hiyo ni nzuri.

Fedha ya chama ni amana. Tuseme chama kina akiba ya shilingi 60,000,000. Kati ya hizo, 45,000,000 zinahitajika kwa magunia, usafiri, mishahara na dharura kabla mazao hayajauzwa. Zinazoweza kujadiliwa ni 15,000,000 tu, wala si zote zitakazofaa kuwekwa mahali pasipotoka. Chama kinachofunga fedha ya msimu katika jengo la mjini kitamlipa mkulima kwa maneno. Mkulima huyo hatangoja. Atauza kwa mlanguzi, na chama kitakuwa kimejiua kwa kutafuta faida.

Kwa hiyo uamuzi wa namna hii usifanywe mezani kwa katibu wala ndani ya Bodi peke yake. Upelekwe katika mkutano mkuu, uandikwe katika muhtasari, uoane na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na masharti ya chama, na Mrajis aombwe ushauri kabla ya fedha kutoka, si baada ya kupotea. Tena nasema bila kuficha: katibu au mjumbe asipokee kamisheni ya mfuko wowote unaouzwa kwa wanachama au kwa chama. Mtu hawezi kuwa mlinzi wa ghala na dalali wa wanunuzi kwa wakati mmoja. Mwanachama anapoomba ushauri kwa katibu wake, anaamini kwamba upande wa pili wa meza hakuna mtu mwingine aliyekaa kitini.

Je, maana yake ni kwamba tukae nje siku zote? La. Jibu la kale la ushirika bado lina nguvu. Mtu mmoja mwenye shilingi 500,000 hawezi kumlipa mwanasheria wa kusoma mkataba wa kurasa themanini, lakini vyama ishirini kupitia Muungano vinaweza. Benki ya Ushirika Tanzania, iliyozinduliwa Dodoma mwezi Aprili 2025, ni mfano wa vyama kuweka mtaji pamoja katika chombo ambacho vina sauti ndani yake. Hata huko tukumbuke kwamba hisa si amana. Hisa hungoja gawio, na gawio hungoja faida. Lakini kungoja ukiwa na kura na kungoja huna kura ni mambo mawili tofauti.

Huo ndio mtazamo wangu juu ya kufunguliwa kwa milango hii. Ni haki kwamba mtu asizuiwe kwa sababu tu si tajiri. Lakini haki ya kuingia bila haki ya kuuliza, ya kukagua na ya kutoka kwa masharti yanayoeleweka, ni nusu ya haki, na nusu hiyo inamfaa zaidi anayepokea fedha kuliko anayezitoa. Mwenye mali nyingi akipoteza sehemu, hupunguza anasa. Mwanachama wetu akipoteza, huuza shamba.

Naomba basi kila chama kiweke jambo hili katika ajenda ya mkutano wake ujao, maswali yale sita yasomwe kwa sauti, na majibu ya wanachama yaletwe Muungano ili tujue ni wangapi wamekwisha kuingia na wameingia wapi. Tukijua hivyo mapema tutaweza kusaidiana. Tukijua baada ya mlango kufungwa, itabaki kazi ya kufariji.

 Niko tayari kupokea maswali.